Chujio lililokosekana juu ya kihenge: kisa cha pumu ya Barcelona, 1981 hadi 1987

Aliyewahi kukaa zamu kwenye chumba cha dharura anaujua mwendo wa pumu. Mgonjwa mmoja huja magharibi, mwingine alfajiri. Baridi ikiingia wanaongezeka, mafua yakitembea mjini wanaongezeka tena, lakini huja mmojammoja, kama matone. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Barcelona, mji wa bandari ulioko kaskazini-mashariki mwa Hispania, walianza kupata siku ambazo matone yaligeuka mvua. Kwa saa chache vyumba vya dharura vya hospitali kubwa vilijaa watu wazima wanaotweta, kifua kimebana, wengine hawawezi kumaliza sentensi moja bila kutua. Baadhi walifika hoi wakawekwa papo hapo kwenye mashine ya kupumulia. Kesho yake hali ilirudi ilivyokuwa. Zikapita wiki, pengine miezi, kisha ikazuka siku nyingine kama ile.

Kati ya 1981 na 1987 zilihesabika siku 26 za namna hiyo. Ziliwakumba watu wapatao 700, na kwa kuwa wengine walipatwa zaidi ya mara moja, safari zao za hospitali zilipita 1,100. Takriban watu 20 walifariki.

Nimekifundisha kisa hiki mara nyingi kwa wauguzi na matabibu, na kila mara huanza kwa kumsimulia ami yangu. Ami alikuwa kuli bandarini. Alipakua ngano enzi za magunia ya mgongoni, akaipakua tena enzi za mabomba ya kufyonza. Usiku mmoja, nikiwa kijana, nilimkuta barazani ameinama mbele, mikono juu ya magoti, mabega yakipanda na kushuka.

"Shikamoo ami."

Aliinua kidole nisubiri apate pumzi ya kunijibu.

"Marahaba," akasema hatimaye. "Leo imeingia ya ngano."

Ndivyo alivyoutaja ugonjwa wake, kwa shehena ya meli. Zahanati aliyotibiwa iliandika "pumu" kwenye cheti chake mwaka baada ya mwaka, ikampa vidonge, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza anafanya kazi gani. Jibu alikuwa nalo yeye mwenyewe, ila halikuwa na mahali pa kuandikwa. Barcelona nayo ilikaa miaka kadhaa katika hali hiyohiyo: hospitali ilikuwa na daftari lake la wagonjwa, bandari ilikuwa na daftari lake la meli, na kila moja lilifungwa kabatini kwake. Kisa chote, kwa jinsi ninavyokielewa, ni habari ya siku yale madaftari mawili yalipowekwa juu ya meza moja.

Madaktari hawakulala. Mwaka 1983 kundi la mabingwa wa kifua wa huko waliandika barua katika jarida la kitabibu la Lancet kueleza milipuko waliyoiona. Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa moshi wa mji, hasa oksidi za naitrojeni zitokazo kwenye magari na viwanda. Dhana hiyo haikuwa ya kipuuzi. Siku za milipuko hewa ya mji ilikuwa imetulia, upepo hafifu, na hewa ikitulia moshi hurundikana. Ukipima oksidi za naitrojeni siku kama hiyo utazikuta zimepanda, na ukiwa na wagonjwa mia moja mlangoni ni rahisi kusema mkosaji ndiye huyu. Kumbe moshi na mkosaji wa kweli walikuwa abiria wa chombo kimoja, wote wakipanda siku upepo unapolala. Wanaotafuta chanzo cha ugonjwa mara nyingi hukwama hapa, na wa Barcelona hawapaswi kulaumiwa kwa kukwama kwa muda.

Kuna jambo moja lililokuwa halikai sawa na dhana ya moshi. Magari yapo kila mtaa. Kama ni moshi, wagonjwa wangetoka kila upande wa mji. Watafiti Josep Maria Antó, Jordi Sunyer na wenzao walichukua anwani za wagonjwa na saa walizoshikwa na kifua, wakazipanga kwenye ramani. Ramani ikaonyesha wagonjwa wamesongamana mitaa ya jirani na bandari, na saa zao zikakaribiana mno. Mwaka 1986 walichapisha hoja kwamba mlipuko waliouchunguza ulitoka mahali pamoja, mithili ya moshi wa jiko moja unaosambaa uani. Kitu kilikuwa kinatoka bandarini.

Lakini bandari ni dunia nzima. Huko kuna mafuta, mbolea, saruji, makaa, kemikali, kahawa, mbao, nafaka za kila aina. Ukisema "ni bandari" hujasema kitu. Hapo ndipo watafiti walipofanya kazi ambayo mimi naiona kuwa ndiyo roho ya kisa kizima, nayo haikuhitaji darubini. Waliomba kumbukumbu za upakuaji za miaka miwili, 1985 na 1986, wakaorodhesha bidhaa 26, kisha kwa kila bidhaa wakaandika siku ilipopakuliwa na siku isipopakuliwa. Miaka hiyo miwili ilikuwa na siku 13 za mlipuko. Wakaweka siku hizo 13 kando ya orodha ya bidhaa, moja baada ya nyingine.

Siku zote 13 soya ilikuwa inapakuliwa.

Tuikalie kidogo namba hii, maana wanafunzi wangu huipita haraka. Tuseme, kwa mfano tu, soya ilipakuliwa nusu ya siku zote za miaka ile. Bahati ya siku moja ya mlipuko kuangukia siku ya soya ingekuwa sawa na kurusha sarafu ikaangukia upande unaoutaka. Kurusha mara 13 na kupata upande huohuo mara zote 13 hutokea mara moja katika majaribio 8,192. Kuna na ugumu mwingine, tena mzuri. Ili kupata uwiano wa hatari unagawanya kiwango cha milipuko cha siku za soya kwa kiwango cha siku zisizo na soya. Siku zisizo na soya hazikuwa na mlipuko hata mmoja, na kwa sifuri hakuna anayeweza kugawanya. Kwa hiyo watafiti hawakuandika kwamba hatari iliongezeka mara kadhaa kamili. Waliandika kikomo cha chini peke yake, kwamba kwa uhakika wa asilimia 95 iliongezeka angalau mara 7.2. Juu ya hapo hesabu haikuwa na dari.

Kati ya bidhaa 25 zilizobaki, ni ngano tu iliyoonekana kuhusika nayo. Wakaipima upya kwa kuzingatia kwamba siku hizohizo soya nayo ilikuwapo. Uwiano wa ngano ukabaki 4.0, lakini kikomo chake cha chini kikashuka hadi 0.8, yaani chini ya 1, na 1 maana yake hatari haikuongezeka; kikishuka hapo huwezi kuitia ngano hatiani. Ninaposoma sehemu hii humkumbuka ami. Kwake ngano ilikuwa mkosaji kweli, na hili nitalirudia. Ila kwa Barcelona ngano ilikuwa jirani aliyekutwa eneo la tukio.

Mtu makini atauliza: mbona soya ilipakuliwa siku nyingi zaidi ya hizo 13, na siku nyingine hakuna aliyeugua? Jibu lilikuwa kwenye upepo. Siku zote za mlipuko zilikuwa siku za mgandamizo mkubwa wa hewa, na upepo mwanana ukivuma kutoka pande za kusini, kati ya kusini-mashariki na kusini-magharibi, yaani kutoka baharini kuelekea mjini. Barcelona imebanwa. Mbele kuna bahari, nyuma kuna vilima vya Collserola, na bandari iko mguuni pa kilima cha Montjuïc, imegusana na mji wa kale. Vumbi likisukumwa taratibu kutoka gatini linaingia moja kwa moja kwenye vichochoro ambako watu wanaishi ghorofa juu ya ghorofa. Upepo ukigeuka, vumbi lilelile linaishia baharini na hakuna anayejua kwamba lilikuwapo.

Ushahidi wa tatu uliokotwa hewani. Mitego ya kunasa chembechembe ilikuwa imewekwa mjini. Walipozitazama chembe zake waliona wanga na seli za ganda la nje la mbegu, na umbo lake lilikuwa sawasawa na la soya. Kwa hiyo soya ilikuwa mjini kwa macho, haikuwa mjini kwa hesabu tu.

Walipokwenda bandarini kutazama vihenge vinavyopokea soya, walikuta kimoja hakina mifuko ya chujio kileleni.

Ili kuona uzito wa jambo hili, fikiria kihenge kitupu, mnara mrefu wa zege. Tunaita kitupu, lakini kimejaa hewa. Unapomwaga soya kutoka juu, kila mita ya ujazo ya punje inayoingia inaisukuma nje mita ya ujazo ya hewa, na hewa hiyo haina njia ila juu. Punje zinaporomoka, zinagongana, zinasuguana, zinabanduka ganda. Ganda la soya ni jepesi na jembamba, na likishapondeka linakuwa unga usiotua. Hewa inayopanda inaubeba unga ule hadi kileleni. Pakiwa na mfuko wa kitambaa wa kuchuja, hewa inapita na unga unabaki. Pasipo na mfuko, kihenge kinakuwa bomba la moshi. Hakuna moto wala harufu. Mpita njia akitazama juu ataona ukungu hafifu wa rangi ya majani makavu, kama akibahatika kuona chochote.

Kesi ya mitaani ilikuwa imekamilika, lakini ilibaki kesi ya ndani ya mwili. Vumbi lolote likizidi linakereta koo. Kwa nini hili liue? Hapo likafanyika jambo la pili ninalolipenda katika kisa hiki, nalo ni kupima damu ya wagonjwa 86 waliopatwa siku za mlipuko, na damu ya wengine 86 wenye pumu vilevile ila hawakuwahi kuugua siku hizo. Angalia walivyochagua. Hawakulinganisha wagonjwa na watu wazima wa afya, maana mwenye pumu mara nyingi ana mizio chungu nzima na tofauti ingejitokeza tu hata kama soya haina kosa. Walilinganisha pumu na pumu. Kingamwili za IgE dhidi ya soya zilikutwa kwa watu 64 wa kundi la kwanza, na watu 4 wa kundi la pili. Asilimia 74 dhidi ya karibu 5. Matokeo hayo yalitoka katika Lancet mwaka 1989, na mwaka huohuo uchunguzi wa bandari ukachapishwa katika New England Journal of Medicine.

IgE ni kingamwili ya mzio. Mtu anavuta vumbi la soya mara ya kwanza, ya kumi, ya hamsini, hana habari, na huku mwili wake unatengeneza kingamwili hizo polepole na kuzipachika kwenye seli za njia ya hewa zilizojaa histamini, kemikali inayoamsha dalili za mzio. Seli zinakaa zikingoja kama mitego iliyotegwa. Siku vumbi likija kwa wingi linanasa, seli zinafunguka zote kwa pamoja, misuli inayozunguka mirija ya mapafu inakaza, utando wa ndani unavimba, makohozi yanaganda. Kutoka mzima hadi mahututi zinaweza kupita dakika. Ndiyo maana wagonjwa wa Barcelona walifika kwa kishindo kile, na ndiyo maana watu waliopita siku nyingi bila tabu walianguka siku moja: walikuwa wamefundishwa na siku zilizotangulia.

Maabara baadaye zilizitambua protini zenyewe. Ni protini ndogo sana, na makao yake ni ganda la soya. Hili lilijibu swali ambalo kila mwanafunzi huniuliza, kama watu wale hawakuweza tena kula soya. Mzio wa soya ya kula ni jambo jingine, na protini zake kuu ni nyingine, zilizomo ndani ya punje. Sumu ya Barcelona ilikuwa kwenye kitu ambacho mnunuzi wa mafuta ya soya haoni wala halipii, ganda linalobaki njiani.

Mwaka 1987 chujio liliwekwa. Soya ikaendelea kupakuliwa kwa meli zilezile, kiwanda cha mafuta kikaendelea kukamua, makuli wakaendelea na kazi. Milipuko ikakoma. Tathmini iliyochapishwa 1993 ilionyesha vumbi la soya hewani limeshuka na zile siku za mafuriko ya wagonjwa hazikurudi. Katikati ya miaka ya 1990 pumu ya soya ilichungulia tena kidogo, na kufikia 1998 bandari ilikuwa imebanwa kwa masharti makali zaidi ya kuzuia vumbi njia nzima, kuanzia melini hadi kihengeni, pamoja na kupima hewa mara kwa mara. Chujio huchakaa na mlango huachwa wazi, kwa hiyo kazi ile haikuwa ya kufanywa mara moja na kusahauliwa.

Kisa hiki kilifufua pia jalada la zamani la upande wa pili wa bahari. New Orleans, mji wa bandari wa Marekani ulio kwenye mto Mississippi, ulisumbuliwa na milipuko ya pumu miaka ya 1950 na 1960. Watu walishuku mengi, yakiwemo majalala yaliyokuwa yakiungua chini kwa chini. Mwaka 1997 watafiti walirudi kwenye kumbukumbu zile za kale na kuziweka kando ya kumbukumbu za meli. Wakakuta uhusiano na soya iliyokuwapo bandarini. Zaidi ya miaka 30 imepita, waliougua wamezeeka au wamekufa, na madaftari yalikuwa bado yapo. Ninaposikia ofisi imechoma kumbukumbu zake ili kupata nafasi ya meza, huwa naumia kwa sababu ya New Orleans.

Sasa nirudi kwa ami, maana kisa cha Barcelona kina upungufu ambao sitaki kuufunika. Kilianza kuchunguzwa kwa sababu wagonjwa walikuwa wengi, kwa siku moja, mitaani. Wafanyakazi wa nafaka hawaugui hivyo. Wao wanaugua kidogokidogo, kila mmoja kwa wakati wake, na anayezidiwa anaacha kazi. Ukienda ghalani kuwapima utawakuta waliobaki, wale ambao vifua vyao vimehimili, na utaandika kwamba wafanyakazi hawa ni wazima. Waliovunjika wako majumbani, hawamo kwenye orodha yako. Ami aliacha kupakua akiwa bado ana nguvu za mikono. Kama mtafiti angekwenda gatini mwaka uliofuata, ami asingehesabiwa.

Na ujuzi huu si wa jana. Bernardino Ramazzini, tabibu wa Modena, Italia, aliandika mwaka 1700 kitabu kizima cha maradhi ya wafanyakazi, na ndani yake aliwaeleza wapepetaji na wapimaji wa nafaka: koo na mapafu kukauka kwa vumbi, macho na mwili mzima kuwasha. Aliwahimiza matabibu wenzake wamuulize mgonjwa kazi yake. Karne kadhaa baadaye cheti cha ami hakikuwa na nafasi ya swali hilo.

Vumbi la nafaka lenyewe si kitu kimoja. Ndani ya kiganja kimoja cha vumbi la ghala mna vipande vya punje na maganda, vijidudu vya ghalani visivyoonekana kwa macho, mabaki ya wadudu na panya, kuvu, na bakteria pamoja na endotoksini, yaani sumu zilizomo kwenye kuta zao. Kila kimoja kina ugonjwa wake. Ngano na unga wake huleta pumu ya mzio, ileile inayowapata waoka mikate, na kwa waoka mikate mara nyingi inatanguliwa na mafua na chafya zisizokwisha. Endotoksini hazihitaji mzio. Mtu akivuta vumbi jingi kwa siku moja, hasa akiwa mgeni wa kazi au amerudi kutoka likizo, jioni anapata homa, baridi, maungo kuuma, kisha kesho au keshokutwa anapona. Kwetu mtu huyo atapewa dawa ya malaria. Nafaka au majani yaliyoingia unyevu na kuota kuvu huleta ugonjwa wa tatu unaokausha mapafu taratibu, mtu akadhaniwa ana kifua kikuu. Matabibu wanaochanganya haya matatu si wajinga. Dalili zinafanana, na kinachoyatenganisha ni saa, siku na kazi.

Nchi nyingi zinaweka kiwango cha vumbi hewani. Sheria ya Marekani, kwa mfano, inataka vumbi la ngano, shayiri na oti lisizidi miligramu 10 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Kipimo cha namna hii kinasaidia pale ambapo tatizo ni wingi. Kwa mtu ambaye mwili wake umeshatega mitego ya IgE, kinasaidia kidogo sana. Wakazi wa Barcelona hawakuwa ndani ya ghala, walikuwa majumbani mwao, na vumbi lililowafikia lilikuwa limeshasafiri angani kutoka gatini. Kwa mfanyakazi aliyethibitika kuwa na mzio, barakoa ya kitambaa ni kujifariji. Dawa ya kupuliza itamfungua kifua usiku na kesho atarudi palepale. Kinachomsaidia ni kuondoka kwenye vumbi lile, na mapema, kwa sababu kadiri anavyokaa na dalili ndivyo pumu inavyozoea kubaki hata akiacha kazi.

Kuthibitisha hakuhitaji mashine ya mamilioni. Kipima pumzi ni kibomba cha plastiki chenye mshale, mtu anapuliza kwa nguvu zote na kusoma namba. Mfanyakazi anapuliza angalau mara nne kwa siku, kwa wiki mbili hadi nne, siku za kazi na siku za mapumziko, na kuandika kila namba kwenye karatasi. Ukichora namba zile, kwa mwenye pumu ya kazini utaona mstari unashuka siku za kazi na kupanda siku za kupumzika. Hiyo karatasi ndiyo daftari la bandari na daftari la hospitali kwa pamoja, la mtu mmoja.

Nilipitia njia hiyo mwezi uliopita, mtaani kwetu. Kuna mashine ya kusaga inayohudumia nyumba nyingi, asubuhi mahindi na jioni ngano ya chapati na mtama. Anayeiendesha ni kijana wa miaka ishirini na kitu, kope zake nyeupe kwa unga, kitambaa amekifunga puani. Nilimuuliza kifua chake.

"Kinabana usiku, mzee. Mchana nipo sawa."

Nikamuuliza kama kuna wakati wowote hakibani. Akafikiri huku mkono wake ukichezea mlango wa kopo la kumiminia. Akasema Januari alikwenda kwao kwenye msiba, akakaa siku tisa, akalala usiku kucha bila kukohoa. Akarudi Jumatatu. Jumanne usiku kikaanza. Pumu ya kazini ina kawaida hiyo: wakati mwingine humngoja mtu saa kadhaa baada ya kazi, ndipo imkamate akiwa kitandani, na ndiyo sababu wengi wanalaumu godoro, mto au baridi ya usiku. Nilimpa kipima pumzi na karatasi yenye mistari ya siku 28.

Kisha nikatazama juu. Mashine hizi zina pipa la bati linalozungusha hewa ili unga ushuke na hewa itoke, na juu ya tundu la kutokea hewa hufungwa mfuko mrefu wa kitambaa. Wa pale ulikuwa umepasuka kuanzia kwenye fundo hadi katikati. Kila kijana alipomimina debe, unga ulipanda kwa ule mpasuko, ukagonga bati la paa na kuteremka taratibu juu yake. Ukuta wa jirani, kule kanga zilikoanikwa, ulikuwa na mstari mweupe mahali upepo unapopitia.

Nilimwita mwenye mashine. Akapanda ngazi mwenyewe, akaushika mpasuko kwa vidole viwili, akatia mkono wote ndani hadi kwenye kiwiko. Alipoutoa ulikuwa mweupe. Akauliza zinahitajika yadi ngapi. Tukapima kwa dhiraa, tukapata nne na shibri, akazima mashine na kumtuma mtoto kwa fundi cherehani akachukue marekani nzito.